Mfereji watu 64, mtaro watu 11: uchambuzi wa kisa kutoka mteremko wa Kilimanjaro

Jumanne firimbi ililia kabla hakujapambazuka. Zamani ilikuwa pembe. Siku hizi kijana mmoja anapita vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na firimbi ya refa, na usiku wa kuamkia siku hiyo ujumbe umeshazunguka kwenye simu. Kufika saa moja na nusu asubuhi mfereji ulikuwa umejaa watu kutoka banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kijitoni, mpaka bwawani, mapanga yanafyeka, majembe yanazoa tope lililoachwa na masika. Saa nne kazi ikaisha. Mzee wa mfereji, ambaye kila mtu anamwita meku, akafungua daftari la shule lenye jalada lililokunjamana, akasoma majina ya kaya moja baada ya nyingine. Kaya 71. Waliofika, 64. Wale saba waliokosa wakatajwa hadharani na faini zao, na kila mmoja alikuwa na ndugu pale wa kumtetea: huyu ana mgonjwa, yule kasafiri, huyu mwingine mvivu tu, mwacheni alipe.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo watu hao hao waliitwa kuchimba mtaro wa bomba la maji safi. Tangazo lilikuwa limetolewa kanisani, mtendaji wa kijiji akazunguka na kipaza sauti, na mabomba ya mfadhili yalikuwa yamerundikwa nje ya ofisi ya kijiji yakingoja. Walikuja 11. Ijumaa wakaja tisa. Jumatatu sita, na wawili kati ya hao walikuja kuuliza kama kuna posho.

Nilikuwa mwanafunzi wa maendeleo ya jamii, nimetoka chuo cha Tengeru kwa mafunzo ya vitendo, nikapangwa katika kata moja ya ukanda wa juu, Moshi Vijijini. Kijiji sitakitaja, mradi pia sitautaja. Ripoti ya mradi ya mwezi ule iliandika sababu kwa maneno manne: mwamko mdogo wa wananchi. Nami nikakabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa uhamasishaji.

Niliandaa. Ulikuwa mpango mzuri, una ngoma, una mchezo wa kuigiza, una mashindano ya vitongoji. Haukutumika, na nashukuru haukutumika.

Tatizo ni kwamba ripoti ile haikuwa na namna ya kuieleza Jumanne. Watu wenye mwamko mdogo hawaamki gizani kwenda kuzoa tope. Kama wanajua kufanya kazi ya pamoja, na wanaifanya kuliko mahali pengi nilipowahi kuona, basi swali si namna ya kuwafundisha. Swali ni nini walichokiona kwenye mfereji ambacho hawakukiona kwenye mtaro.

Neno nililopewa

Kuhamasisha ni neno lenye ukoo. Mwaka 1944 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu elimu ya umma katika makoloni yake ya Afrika. Miaka minne baadaye, 1948, maofisa wa makoloni walikutana Cambridge na jina likabadilishwa: badala ya elimu ya umma, maendeleo ya jamii. Maana waliyoiweka ilikuwa ni harakati ya kuinua maisha ya jamii nzima, kwa ushiriki wa wenyewe, na ikiwezekana wenyewe ndio waanzishe. Kisha wakaongeza kwamba kama jamii haianzishi, zitumike mbinu za kuiamsha.

Hapo kwenye “kama haianzishi” ndipo ajira yangu ilipozaliwa. Tazama ilivyopangwa: jamii ikianzisha jambo linalotakiwa, hayo ni maendeleo ya jamii. Ikianzisha jambo jingine, au ikikataa, basi imelala, iamshwe. Uwezekano kwamba iko macho na imekataa haumo.

Wakati wenyewe unasema mengi. Vita vimekwisha, Uingereza ina madeni, inataka makoloni yazalishe zaidi na yadai kidogo. Kijiji kinachojichimbia barabara na kujijengea shule ni nafuu kwa hazina. Hapa jirani, mwaka 1945, Wapare walimiminika Same kupinga kodi ya mbiru, wakakaa pale na hawakutaka kuondoka. Miaka michache baadaye Upare ya Kaskazini ikawa mojawapo ya sehemu za Tanganyika zilizoanzishiwa mpango wa kisomo na maendeleo ya jamii. Watu waliokwisha kuonyesha wazi kwamba wanajua kukusanyika, wakaletewa wataalamu wa kuwafundisha kukusanyika.

Wazo lilisafiri haraka. India ilizindua mpango wake wa taifa wa maendeleo ya jamii tarehe 2 Oktoba 1952, siku ya kuzaliwa Gandhi, ukiwa na maofisa wa vijiji waliosomeshwa kazi hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru haikulitupa wazo la Cambridge. Ililivalisha nguo nyingine. Chuo cha Tengeru, kilomita chache kutoka Arusha mjini kwenye barabara ya kuja Moshi, kilianza mwaka 1963 kufundisha watu wa kazi hiyo.

Daftari

Jioni ya Jumatatu ile ya watu sita nilikwenda kwa meku. Nilimkuta ameketi chini ya mgomba, mguu umefungwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, na kabla sijafungua mdomo akasema, “Umekuja kuuliza kwa nini hawachimbi.”

Nikamwomba anionyeshe daftari. Nilitegemea orodha ya mahudhurio. Nilikuta kitu kingine. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne zilizochorwa kwa rula: jina la kaya, alama ya msaragambo (kazi ya pamoja), faini, na ya mwisho ilikuwa zamu ya maji. Safu ya pili na ya nne zilitazamana. Aliyekosa msaragambo na hajalipa faini, kwenye safu ya zamu aliandikiwa mkato mwekundu. Siku yake ikifika, maji yanampita kihambani kwake kwenda kwa jirani, naye anayatazama.

Basi. Sijawahi kusoma maelezo mafupi kuliko hayo ya namna kazi ya jamii inavyosimama. Mifereji ya Kilimanjaro ni ya zamani. Wageni wa Kizungu waliopita hapa karne ya 19 waliikuta inapita kwenye migongo ya milima na wakashangaa. Tunapenda kuisimulia kama ushahidi wa moyo wa umoja wa mababu. Moyo upo, lakini daftari halikuandika moyo. Liliandika kwamba mkono uliochimba ndio unaofungua maji, kwamba asiyechimba anajulikana kwa jina, na kwamba anayehukumu anaishi hapo hapo na naye akikosa anaandikwa. Meku mwenyewe alikuwa na mkato mmoja, wa wiki aliyoumia mguu.

“Sasa huo mtaro wenu,” akaniuliza, “nikichimba siku tatu, safu ya nne imeandikwa nini?”

Nilijua jibu, nikaona aibu kulisema. Mchango wa nguvu za wananchi ulikuwa sharti la mfadhili. Kaya ikishachimba, bado italipia kuunganishiwa, na ikishaunganishiwa italipia maji kwa uniti. Asiyechimba hata siku moja, naye atalipia vile vile. Safu ya nne ilikuwa tupu.

Bomba la mbuzi

Yako mambo mawili zaidi ambayo meku hakuyasema. Alinionyesha moja na nikalisikia jingine njiani.

Nyuma ya nyumba yake, karibu na banda, kuna bomba la chuma limesimama wima kutoka ardhini, usawa wa kiuno, koki imeng'olewa. Limefungwa kamba ya mbuzi. Wanaliita bomba la Nyerere.

Kaka yake mkubwa alichimba mtaro wa bomba lile. Wakati ule wito ulikuwa Uhuru na Kazi, na baada ya mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na orodha yake ya vitu vinne vya kutuendeleza: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora. Fedha haikuwekwa miongoni mwa vinne, na hilo kwa Wachagga waliokuwa na kahawa lilikuwa neno la kutafakari. Lakini watu walichimba. Mwaka 1971 serikali ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumbani ifikapo 1991, bila kumtoza. Maji bure. Serikali itajenga, serikali itatengeneza.

Nalitetea kidogo wazo lile, maana siku hizi ni desturi kulicheka. Lilimchukulia maskini wa mwisho kuwa na haki ya maji sawa na mwenye lori. Lakini lilikuwa na upande wa pili ambao kijiji kiliuona. Bomba likawa la serikali. Koki ikikatika, fundi ni wa wilayani, spea ni za wilayani, na mtu wa kijiji akigusa anaulizwa kwa idhini ya nani. Ndiyo miaka ile ile serikali za mitaa zilipovunjwa, 1972, na vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, 1976. Kilimanjaro haikuhamishwa sana wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, kwa kuwa watu walikuwa wamebanana tayari. Vijiji viliandikishwa pale pale vilipo. Kilichohama ni uamuzi. Mfereji peke yake ulibaki mikononi mwa wenyewe, labda kwa sababu hakuna ofisi iliyojua uko wapi.

Bomba la Nyerere lilikauka, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulifufua, na mwisho likapata kazi ya mbuzi. Kisha sera ikageuka. Ya mwaka 1991 ilianza kuzungumzia kuchangia, na ya 2002 ikasema waziwazi kwamba wananchi wa vijijini ni wenye mradi, wachangie ujenzi na wabebe gharama za uendeshaji. Mtu aliyechimba bure akaambiwa maji ni bure, sasa mwanawe anaambiwa achimbe bure halafu maji ayalipie. Ukiitazama kutoka ofisini hizo ni sera mbili, na ya pili imesahihisha ya kwanza. Ukiitazama kutoka kwenye kamba ya mbuzi ni mtaro mmoja uliochimbwa mara mbili.

Na haikuwa mara ya kwanza mlimani hapa jambo la wenyewe kugeuzwa la kuamriwa. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925. Mwaka 1933 kikaja KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), ushirika ambao nchi nzima iliuchukua kuwa mfano. Ni ushirika huo huo ambao, serikali ya kikoloni ilipoweka kanuni ya kumlazimisha kila Mchagga kuuzia humo kahawa yake, ulizusha vurugu mwaka 1937. Mtu yule yule, kahawa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mlango wa kutokea ulifungwa.

Jambo la pili, nililolisikia njiani, ndilo lililonitoa usingizi. Banio la bomba jipya lilikuwa limepangwa kujengwa juu ya banio la mfereji, kijito hicho hicho. Mwezi wa tisa na wa kumi, maji yanapopungua, bomba lingekunywa kwanza. Mradi ulikuwa na kibali kutoka Bonde la Pangani, ofisi inayosimamia maji ya bonde hilo, na kisheria maji ni mali ya umma, kwa hiyo karatasi zilikuwa sawa. Wenye mfereji hawakuwa na karatasi. Hakuna aliyewauliza, nao hawakutaka kulisema mkutanoni mbele ya mfadhili, wasije wakaambiwa wanapinga maendeleo. Wakanyamaza. Wakabaki nyumbani.

Punje za mahindi

Lakini tuliwashirikisha! Hili nalo ni la kuelezwa, maana nilikuwepo.

Miezi michache kabla, kikao cha kuibua miradi kilifanyika chini ya mti wa parachichi karibu na ghala la chama cha msingi cha ushirika. Karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi nne, punje za mahindi kwa ajili ya kupigia kura. Zana hizo nazo zina asili yake, na asili yake ni njema. Mwaka 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, alifika Tanzania, wakati nchi inasaka elimu isiyomfanya mtu debe la kujazwa. Muongo huo watafiti wetu walijaribu utafiti ambao mwanakijiji si mtu wa kuhojiwa tu bali mtafiti mwenzao. Baadaye Robert Chambers wa Uingereza akaeneza tathmini shirikishi: mchore ramani wenyewe ardhini, wataalamu wanyamaze wasikilize. Tulipoingia miaka ya 2000, serikali ikaingiza mbinu hizo kwenye mipango ya vijiji kwa jina la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Punje zilihesabiwa. Maji yakawa ya kwanza, barabara ya pili, zahanati ya tatu. Tukapiga makofi. Ila fedha za mfadhili zilikuwa za maji tangu mwanzo; lau barabara ingeshinda, sijui tungehesabu mara ngapi. Na swali tuliloliweka lilikuwa “mnataka nini?” Hatukuweka la banio, wala la nani anashika ufunguo, wala la nani analipa nini. Hayo yaliitwa ya kitaalamu. Freire angekuwa chini ya parachichi lile, nadhani angeomba punje zake.

Tisa kati ya 11

Mpaka hapo mtu anaweza kuondoka na hadithi nyepesi: mila ni hekima, mradi ni ujinga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuiandika hivyo. Kilichonizuia ni majina.

Nilirudi kwenye karatasi ya mahudhurio ya mtaro. Wa siku ya kwanza, 11. Tisa walikuwa wanawake. Siku ya pili, tisa waliokuja, wanawake saba. Nikafungua tena daftari la mfereji, yale majina 71: wanaume, na wajane wachache walioandikwa kwa majina ya waume waliokwisha kufa.

Mfereji unanywesha migomba na kahawa, na mambo yake tangu zamani yalikuwa ya wanaume. Mwanamke hakuwa na kauli kwenye kikao chake. Anachokifanya ni kuchota humo maji ya kunywa, yale yaliyopita kwenye vihamba vya watu na mifugo yao, na mtoto akiharisha anayekesha ni yeye. Nilipomuuliza mmoja wa wale tisa kwa nini alikuja wakati mume wake hakuja, alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. “Dada, yeye anataka maji ya mgomba. Mimi nataka ya sufuria.” Akaendelea na jembe lake.

Kwa hiyo mgomo, kama tuuite hivyo, haukuwa wa kijiji. Ulikuwa wa nusu ya kijiji, ile nusu yenye daftari. Neno jamii lilikuwa limetufunika macho wote: maofisa wa Cambridge, waandishi wa Azimio, sisi wa punje za mahindi. Tulihesabu kijiji kama mtu mmoja, anayeamka au analala.

Usiku wa tanki

Kilichofuata kilichukua wiki tano na kilianzia kwa meku, si ofisini. Mtendaji alikuja akiwa amevua koti la utendaji, mwenyekiti wa kijiji akaja, fundi wa mradi akaja shingo upande. Mbege ilikuwepo. Wanawake watatu kati ya wale tisa walikuja pia, wakaketi kwanza pembeni, kisha mmoja akasogeza kigoda chake katikati bila kuombwa.

Suluhisho la banio lilitoka kwa fundi, nampa haki yake. Bwawa la mfereji lilikuwa linavuja kwa miaka, hivyo maji ya usiku yalikuwa yanapotelea korongoni bila faida kwa yeyote. Akapendekeza bomba lichukue maji ya usiku tu na kujaza tanki. Alfajiri linafungwa, mfereji unachukua mchana wake wote. Meku akauliza nani anafunga. Hapo wakabishana mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta. Mwishowe ufunguo wa valvu ukakabidhiwa watu wawili, mmoja wa mfereji na mmoja wa kamati ya maji, na huyo wa kamati awe mwanamke.

La malipo lilikuwa gumu zaidi. Mradi ulikubali siku za kuchimba zihesabiwe kama sehemu ya gharama ya kuunganishiwa, kwa nusu tu, na kwa barua ambayo ilisainiwa baada ya kufuatiliwa mjini mara nne. Uniti zitalipwa na wote. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, na ukapitisha pia kwamba jina litakaloandikwa ni la aliyeshika jembe, si la mwenye nyumba. Wazee kadhaa walitoka nje wakati wa kura hiyo. Wakarudi kwenye soda.

Mtaro ulichimbwa ukaisha. Siku ya kwanza baada ya mkutano walifika 52.

Kitongoji cha chini hakikuwemo. Wakazi wake wengi ni waliohamia baadaye, hawana zamu kwenye mfereji, kwa hiyo hawakuwa na meku wa kuwasemea kwenye kigoda wala jina kwenye daftari la kuanzia. Wao waliambiwa wasubiri awamu ya pili. Sikuona karatasi yoyote yenye awamu ya pili, na kwenye vikao vile vyote mimi pia sikuuliza habari zao mpaka mtaro ulipofika kwenye ukingo wao ukasimama.

Hakukuwa na fedha ya kununua daftari la mtaro. Meku akatoa lake, akaligeuza juu chini, na orodha ya bomba ikaanzia jalada la nyuma, safu nne zile zile kwa rula ile ile. Mwaka uliofuata nilipopita kuwasalimu nililikuta mezani kwake. Orodha ya mfereji inakuja kutoka mbele, ya bomba inakuja kutoka nyuma, katikati zimebaki kurasa nne. Kikao cha wiki ile kilikuwa na ajenda moja: daftari jipya litanunuliwa na mfereji au na bomba, na likinunuliwa, litakaa nyumbani kwa nani.